Intaneti kwenye redio ya gari: soma hapa kabla hujampa fundi hela yako

 

Leo naomba tuongee kitu ambacho nimeulizwa sana hapa Kilindoni, na wengine wamenitumia ujumbe kutoka Utende mpaka Bweni. Swali linakuja kwa sura tofauti lakini ni lile lile: "Gari limekuja na skrini kubwa ya Kijapani kwenye deshibodi. Nafanyaje ipate intaneti?" Mwingine anataka YouTube, mwingine anataka ramani, mwingine anataka muziki tu ili wageni anaowatoa uwanja wa ndege wasikae kimya mpaka hotelini.

Jibu fupi ninalo na nalitoa sasa hivi ili mwenye dakika tano tu kwenye mashine asiondoke mikono mitupu: ile skrini ya Kijapani haiwezi kupata intaneti yake yenyewe hapa Tanzania, na hakuna fundi wa "kuifungua". Intaneti unayo tayari, ipo mfukoni, kwenye simu yako. Kazi iliyobaki ni kuunganisha simu na gari, na kazi hiyo mara nyingi haizidi bei ya waya mmoja.

Sasa mwenye muda tushuke taratibu, maana kuna watu wanapigwa hela nyingi kwa kutojua hiki kitu.

HIYO SKRINI ILIKUWA INAONGEA NA NANI?

Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza. Wenzetu wale wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani upo kulia, kwa hiyo gari linashuka bandarini Dar bila kubadilishwa kitu. Noah, IST, Alphard, Harrier, zote hizo njia ni moja. Shida ni kwamba usukani unafaa huku, lakini vitu vya ndani ya redio vilitengenezwa kwa ajili ya Japani peke yake.

Mwaka 2002 Toyota walianzisha huduma inaitwa G-BOOK. Mwaka huo huo Nissan nao wakaleta CarWings. Dereva wa kule alikuwa anapata habari za foleni, hali ya hewa na kadhalika kwenye skrini. Hizo habari zilikuwa zinapita kwenye mtandao wa simu, ama simu ya dereva ama modemu iliyofichwa ndani ya gari, na mwenye gari anakuwa amejisajili.

Modemu zile za G-BOOK zilitumia mtandao wa KDDI, kampuni ya simu ya Japani. 3G ya KDDI ilikuwa ya aina ya CDMA2000. Kampuni nyingi za hapa kwetu zilijenga GSM, halafu WCDMA. Kwa lugha ya mtaani, hizo ni lugha mbili: modemu inaita kwa Kijapani, mnara wa Kilindoni unasikia kelele tu. Haina hata pa kuweka laini yako ya Voda au Airtel.

Kuna zaidi. KDDI walizima 3G yao tarehe 31 Machi 2022, na Toyota wakafunga G-BOOK wakati huo huo. Kwa hiyo hata ukilirudisha lile gari Nagoya leo, skrini haitapata kitu. Siyo kwamba imefungwa ikisubiri fundi hodari wa kuifungua. Upande wa pili hakuna mtu tena wa kupokea simu.

Wala siyo Japani peke yake. Marekani, AT&T walizima 3G Februari 2022 na magari mengi yakapoteza huduma zake za mtandao. Uingereza, wenye Nissan Leaf za zamani walipoteza programu yao ya simu mwaka 2024 kwa sababu modemu zilizomo zilitegemea mitandao ya zamani. Gari linaishi miaka 20, mtandao wa simu hauishi hivyo. Kumbuka hilo, litatusaidia huko mbele.

JAMAA ALIVYOPIGWA

Kuna jamaa yangu mmoja anaendesha Noah ya mtu, anapeleka hesabu kila siku. Alikuwa Dar kulifanyia gari matengenezo, akakutana na fundi (simtaji) akamwambia: nipe laki mbili na nusu nikufungulie intaneti kwenye redio hii, utaangalia kila kitu. Jamaa akatoa nusu. Fundi akachomoa betri, akafungua deshibodi, akachezea weee. Kurudisha betri, redio imejifunga, inaomba namba ya siri. Fundi akasema hiyo namba nayo inauzwa.

Mnaona mchezo? Redio iliyokuwa inapiga muziki vizuri sasa haipigi chochote, na hela imekwenda. Hela ya hesabu ya siku kadhaa! Tena jamaa hana wa kumlaumu, kwa sababu mwenyewe aliamini kwamba kuna kitu cha kufunguliwa.

Baadhi ya redio za Toyota zilizotoka Japani zina ulinzi dhidi ya wizi: ukizikata umeme zinadai namba ya kufungulia. Nyingine zinatumia kadi ya SD yenye ramani, na kadi ikipotea redio nzima inagoma, inabaki ikikuambia uingize kadi sahihi ya ramani. Utakuta kijana kaichomoa ile kadi ili aweke miziki yake, akaifomati . . . kwisha habari yake. Angalia modeli ya redio yako, kama inaanza na herufi kama NSZT au NSCP, hiyo kadi usiiguse kabisa. Na betri ikichomolewa, muulize fundi kwanza: namba ya redio hii unayo?

VITU AMBAVYO WATU WANADHANI NI INTANETI

Yule mama anayeongea Kijapani ukiwasha gari. Wengi wanaamini gari "linatafuta mtandao". Hapana. Kile ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia za Japani bila kusimama getini. Anachokwambia ni kwamba kadi haijawekwa. Hapa kwetu hana kazi, fundi umeme anamchomolea waya, mama ananyamaza.

Ramani. GPS haihitaji bando. Kifaa kinapokea mawimbi ya setilaiti, angalau nne, na kinapiga hesabu mwenyewe kujua kilipo. Hakitumi kitu, hakilipiwi. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo unaweza kuipakua mapema. Ramani ya ile redio ya Kijapani ni ya Japani tu: barabara za Osaka zimo zote, ya kwenda Utende haimo.

Televisheni. Redio nyingi zina TV ndani, lakini Japani wanatumia mfumo wa ISDB-T na Tanzania tunatumia DVB-T2. Barani Afrika, Botswana ni miongoni mwa waliochagua ule wa Kijapani, mwaka 2013. Kwa hiyo TV ya gari lako haitafanya kazi Mafia.

Redio ya FM. Japani FM yao inaanzia 76 na zamani iliishia 90. Sisi tunaanzia karibu 88 mpaka 108. Ndiyo maana unapata stesheni moja mbili tu. Dawa yake ni kile kidude cha kuongeza masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena. Ni tatizo la masafa, intaneti haihusiki.

NJIA YA KWANZA: BAKI NA REDIO YAKO, TUMIA SIMU

Hii ndiyo ninayoishauri kwa watu wengi. Simu inashika intaneti, gari linatoa sauti. Kuna namna tatu.

(a) Bluetooth. Tafuta kwenye redio neno 設定, maana yake mipangilio, halafu 電話, maana yake simu, halafu 登録, maana yake sajili. Namba ya siri mara nyingi ni 0000 au 1234. Kama menyu imekushinda, simu yenye Google Translate inaweza kusoma maandishi kwa kamera. Pakua Kijapani kabla, ukiwa kwenye Wi-Fi ya kafe, halafu itafanya kazi hata bila bando. Angalizo: redio za zamani zina Bluetooth ya kupiga simu tu, haipitishi muziki. Ukiona simu imeunganika lakini muziki unatokea kwenye simu, usihangaike, redio yako ni ya aina hiyo. Nenda (b).

(b) Waya wa AUX. Ni waya wenye vichwa viwili kama vya hedifoni. Kama gari lina tundu lake, umemaliza. Sauti yake ni safi kuliko zote.

(c) Transmita ya FM. Ni kale kadude ka kuchomeka kwenye tundu la laita. Simu inakatumia muziki, kenyewe kanaurusha kwa FM, redio inaupokea. Watu wanakanunua halafu wanasema kabovu, kumbe wameweka 98 au 101 na redio yao inaishia 90! Transmita nyingi zinaanzia 87.5, redio yako inaishia 90, kwa hiyo tafuta nafasi kati ya 87.6 na 89.9 ambapo hakuna stesheni, weka pande zote mbili namba hiyo hiyo. Kama gari limefungwa kidude cha kuongeza masafa, namba hazitalingana, itabidi utafute kwa sikio.

Kwa ramani, weka simu kwenye kishikio na utumie programu inayokubali ramani za kupakuliwa: Google Maps, OsmAnd, Organic Maps. Pakua Pwani na Dar kabla hujapanda kivuko. Ukishuka Nyamisati huna hata MB moja, mshale unakwenda tu.

NJIA YA PILI: REDIO YA ANDROID

Hii ni ile skrini kubwa inayouzwa madukani Kariakoo, mnatoa ya zamani mnaweka hii. Kimsingi ni tableti iliyopewa nyaya za gari. Yenyewe intaneti haina, inaipata kwa hotspoti ya simu yako. Ukifika kwenye gari unawasha hotspoti, redio inakamata Wi-Fi.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa:

Kumbukumbu. Chini ya GB 2 za RAM itakuwa nzito, hasa ramani na muziki vikienda pamoja. Usiamini boksi, na ukurasa wa mipangilio nao unaweza kuchakachuliwa. Washa, fungua ramani, rudi kwenye muziki, fungua video. Ikikwama dukani, itakwama na nyumbani.

Upana. Redio nyingi za Toyota na Daihatsu zina upana wa milimita 200, za magari mengine ni 180. Ukinunua isiyo saizi, fundi ataanza kukata plastiki za watu.

Nyaya. Toyota ina soketi zake, ya pini 10 na ya pini 6, na kuna nyaya za kuunganisha bila kukata chochote. Fundi akianza kukata nyaya za gari kwa meno, mzuie. Kwenye redio hizi wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni wa ardhi. Akiunganisha mwekundu na njano pamoja, redio haizimiki na asubuhi betri imelala. Kwa mtu wa Dar hiyo ni kero ndogo. Kwa sisi wa kisiwani betri mpya inaweza kuwa ni safari ya boti.

Waya wa handibreki. Redio nyingi huzuia video gari likiwa linatembea, na mafundi wanaupitia pembeni ule ulinzi kwa sekunde. Barabara zetu zina watoto wa shule, baiskeli, mbuzi na bodaboda zisizo na taa. Mteja aangalie video akiwa amekaa nyuma na simu yake. Dereva aangalie barabara.

Kama redio ina Android Auto au CarPlay, hapo unachomeka simu na skrini ya gari inaonyesha programu za simu. Hizi zilianza kutoka mwaka 2014 na 2015, kwa hiyo usizitegemee kwenye gari la 2007. Uzuri wake ni kwamba akili yote ipo kwenye simu. Mtandao ukibadilika kesho, unabadilisha simu, siyo deshibodi. Ndiyo lile nililosema mkumbuke.

NJIA YA TATU: LAINI NDANI YA GARI

Kuna redio za Android zenye tundu la laini, na kuna modemu ndogo za USB au za betri unazoziacha kwenye gari. Inafaa kwa mwenye gari la abiria au la wageni anayetaka Wi-Fi iwepo hata dereva akibadilika. Lakini:

Moja, laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Laini iliyomo kwenye gari ni yako kisheria, hata gari likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Ukiuza gari, toa laini, futa akaunti zako.

Mbili, kifaa chenye laini kina IMEI kama simu. Mwaka 2016 TCRA walizima simu feki nchi nzima, watu walilia. Kitu cha bei ya kutupa chenye IMEI ya kughushi kinaweza kukufia mkononi.

Tatu, siyo kila redio ya 4G inashika masafa ya 4G ya kwetu. Weka laini yako humo humo dukani ujionee.

Nne, na hili ni kwa njia zote: mahali ambapo simu yako haipati mtandao, redio nayo haitapata. Hakuna uchawi.

Na usiingize kwenye redio ya gari akaunti yenye barua pepe zako za siri wala programu za pesa. Fungua akaunti nyingine ya Google kwa ajili ya gari tu. Gari linaingia gereji, linaazimwa, linaoshwa na watu usiowajua.

HESABU YA BANDO

Hapa ndipo watu wanaumia bila kujua. Muziki wa mtandaoni wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kwa dakika, yaani kama MB 58 kwa saa. Kilindoni mpaka Utende tuseme dakika 20, ni kama MB 20 kwenda. GB 1 inakupa saa 17 hivi za muziki. Siyo mbaya.

Video sasa. Ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo siyo hata kali, inakula MB 450 kwa saa. GB 1 inakwisha kwa saa mbili na ushee. Ukimwekea mgeni video kila safari, faida yote umempa kampuni ya simu.

Kuna mwizi mwingine wa kimya kimya. Redio ya Android ikishika hotspoti inadhani imepata Wi-Fi ya bure, inaanza kujisasisha programu zake zote. Unaweka bando asubuhi, saa nne limekwisha na hujasikiliza hata wimbo. Dawa: kwenye redio ingia mipangilio ya Wi-Fi, uambie mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, halafu kwenye duka la Google zima masasisho ya moja kwa moja. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Na dawa kubwa kuliko zote ni ya kizamani: pakua muziki ukiwa kafe, weka kwenye flashi au kwenye simu, bando libaki kwa ajili ya simu za wateja.

MASWALI MANNE YA KUMUULIZA FUNDI

1. Intaneti itatoka wapi, kwa laini ipi? Akishindwa kujibu kwa sentensi moja, ondoka.
2. Ukichomoa betri, redio itaomba namba? Unayo?
3. Utakata nyaya au utatumia soketi?
4. Nitajaribu kila kitu kabla ya kulipa iliyobaki?

Fundi mzuri hatakasirika na maswali haya, mafundi wazuri wapo wengi. Anayekasirika ndiye uliyekuwa unamtafuta ili umkwepe.

Msimamo wangu mimi: kama gari ni la kutafutia riziki, anza na waya wa AUX au transmita. Tumia mwezi mzima. Ukiona bado unahitaji skrini, hapo ndipo ufikirie ya Android, na hela itoke kwenye faida, isitoke kwenye hesabu ya mwenye gari. Skrini haiongezi nauli.

Mwenye gari tofauti, au aliyefanikiwa kwa njia nyingine, amwage uzoefu wake hapo chini na aandike modeli ya redio ili wengine wafaidike. Mafundi nanyi karibuni, nikosoeni kwa hoja.

Nawasilisha.